Bonyeza F1 Uendelee: Kompyuta Inapodai Haioni Kibodi

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi wenzangu, na ninyi nyote mliojaliwa kufika,

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo likiandikwa kwenye karatasi halijazi mstari mmoja. Kompyuta inawashwa, skrini inabaki nyeusi kwa muda, kisha yanajitokeza maneno meupe yakisema kwamba kibodi haikupatikana, na kwamba mtumiaji abonyeze F1 ili aendelee. Mtu akiyasoma kwa mara ya kwanza hucheka, kwa kuwa F1 iko kwenye kibodi, na kibodi ndiyo inayodaiwa kuwa haipo. Kicheko hicho hakidumu, maana kazi imesimama, na kibodi iliyolala mezani mbele ya macho ya mwenyewe haina hata waya wa kuutikisa.

Tukishausoma ujumbe huo, wengi wetu huivamia kibodi. Tunaigeuza chali, tunafungua kifuniko, tunabadilisha betri, tunaipuliza vumbi, na tukishindwa tunakwenda kununua nyingine. Nami nasema, kwa heshima zote, kwamba tunakuwa tumemkamata asiyehusika. Katika sekunde zile chache za mwanzo kompyuta haiijui kabisa kibodi isiyo na waya. Inachokijua ni kipokezi, kile kidude cha ukubwa wa ukucha kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kwa hiyo ujumbe unaposema kibodi haipo, swali la kujiuliza ni hili: kipokezi kilikuwa wapi, na kilikuwa kimeamka, pale mashine ilipopita ikiita majina?

Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Kompyuta binafsi ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na desturi ambayo mashine zetu za leo zimeirithi: kabla ya kazi yoyote kuanza, programu ya BIOS iliyohifadhiwa ndani ya ubao mama huikagua mashine nzima, ikapima kumbukumbu, ikatafuta skrini, ikaiamkia kibodi. Kibodi ya wakati ule ilikuwa na waya wake, na ilipoamriwa kujipima ikajikuta nzima, ilirudisha jibu moja fupi, yaani namba AA ya hesabu za kumi na sita. Jibu hilo lisipofika, skrini ilionyesha namba 301, na fundi alijua bila kuuliza kwamba ubovu uko kwenye kibodi yenyewe au kwenye njia yake. Mashine ilimsalimu kibodi, na kibodi mwenyewe ndiye aliyeitikia.

Ilipokuja USB mwaka 1996, salamu hiyo ikawa mahojiano. Kifaa kikichomekwa, mashine husubiri angalau milisekunde 100 ili umeme utulie, kisha hukipa anwani, hukiuliza ni cha aina gani, na kikijitambulisha kuwa ni kibodi inayoweza kutumika wakati wa kuwaka, hukiamuru kizungumze lugha nyepesi ya baiti 8: baiti moja kwa ajili ya vitufe kama Shift na Ctrl, moja isiyotumika, na sita kwa ajili ya vitufe vya kawaida vilivyobonyezwa. Lugha hiyo ilifanywa nyepesi kwa makusudi, kwa sababu BIOS haina nafasi wala muda wa kujifunza mbwembwe za kila mtengenezaji. Ndiyo maana vile vitufe vya ziada vya kuongeza sauti au kufungua kikokotoo havifanyi chochote mpaka mfumo endeshi, kama vile Windows, uwe umekwisha kupanda.

Sasa angalieni nani anayejibu mahojiano hayo pale ambapo kibodi haina waya. Anayejibu ni kipokezi. Kipokezi ndicho kinachosema, mimi ni kibodi, na kwa kawaida kitasema hivyo hata kama kibodi yenyewe imefungiwa kabatini na betri zake zimetolewa. Hapo ndipo tunapopata kipimo cha kwanza, na kwangu mimi hiki ndicho kipimo kinachookoa muda kuliko vyote. Betri zikiisha, mara nyingi BIOS hailalamiki. Ujumbe hautokei, mashine inapita, ila ukibonyeza hakuna kinachoandikika. Kimya cha namna hiyo ni habari ya betri, au ya swichi iliyo chini ya kibodi, au ya umbali. Ujumbe wa kukosekana kwa kibodi ni habari ya kipokezi na ya tundu kilipochomekwa. Mtu anayezitofautisha hali hizi mbili hanunui betri bila sababu.

Niruhusuni niwasimulie kisa kimoja. Mama mmoja mhasibu alinipigia simu siku za kufunga hesabu za mwezi. Alikuwa ameshanunua kibodi ya tatu. Nilipofika aliniambia, "Mwanangu, mashine hii asubuhi inanikataa, mchana inanikubali." Nikamuuliza, "Mama, ikikukataa unafanyaje?" Akasema, "Naizima, naiwasha tena, inatii." Maneno hayo yalitosha kunionyesha pa kutazama, ingawa sikumwambia papo hapo, kwa kuwa fundi akijibu haraka mno haaminiki. Kibodi iliyoharibika haichagui saa. Kitu kinachoshindwa mashine ikiwa baridi na kufaulu inapowashwa mara ya pili ni kitu kinachochelewa kuamka.

Niliinama nyuma ya meza nikaufuata waya. Kipokezi hakikuwa kwenye kompyuta. Kilikuwa kimechomekwa ubavuni mwa skrini, kwenye mojawapo ya matundu mawili ya USB ambayo mtengenezaji wa skrini ameyaweka kwa hisani, na kutoka kwenye skrini ulikuja waya mnene ulioingia nyuma ya kompyuta. Mahali pazuri kweli kwa macho, na karibu na kibodi. Lakini usiku skrini hiyo ilikuwa inazimwa, na asubuhi ilichukua sekunde kadhaa kuzinduka. Matundu ya ubavuni mwake hayakupata uhai mpaka skrini yenyewe izinduke, na hata hapo kompyuta ilipaswa kwanza ikihoji kigawanyo cha USB kilichomo ndani ya skrini, ikipe anwani, iwashe umeme wa matundu yake, kisha ndipo ikifikie kipokezi. BIOS ilikuwa imekwisha kumaliza kuita majina. Alipozima na kuwasha mara ya pili, skrini ilikuwa tayari macho, na kipokezi kikaitikia kwa wakati. Nilikihamishia kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, lile lililo moja kwa moja kwenye ubao mama, tukazima kila kitu mpaka kwenye soketi ya ukutani, tukasubiri chai yake iishe, tukawasha. Hakikutokea chochote zaidi ya Windows kufunguka. Mama yule alinitazama kama mtu aliyeibiwa, akahesabu kwa vidole bei ya zile kibodi mbili za ziada.

Basi jambo la kwanza kufanya, kabla ya kugusa mpangilio wowote, ni kukihamisha kipokezi. Kitoeni kwenye kigawanyo, kitoeni kwenye skrini, kitoeni kwenye ile swichi inayotumiwa na watu wenye kompyuta mbili na kibodi moja, kitoeni hata kwenye matundu ya mbele ya kasha kama waya wake wa ndani mna shaka nao, mkakichomeke nyuma, kwenye ubao wenyewe. Penye nafasi ya kuchagua, chagueni tundu la USB 2.0, ambalo mara nyingi ulimi wake wa ndani ni mweusi, mkaliache lile la USB 3.0 lenye ulimi wa buluu. Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni kwamba kwenye baadhi ya mbao tundu la kasi ya juu hutayarishwa baadaye kidogo, au na chipu nyingine kabisa ambayo BIOS haihangaiki nayo mapema. Ya pili ni ya redio: vifaa na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele katika mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na kibodi nyingi zisizo na waya, jambo ambalo kampuni ya Intel yenyewe ililichapisha mwaka 2012. Kelele hiyo haileti ujumbe wa kibodi kukosekana. Huleta herufi zinazorukwa na vitufe vinavyochelewa. Lakini mtu aliyepewa sekunde 3 tu za kubonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio, kisha kitufe hicho kikapotea hewani, hatatofautisha hitilafu moja na nyingine.

Pia hakikisheni kipokezi ni cha kibodi hiyo. Vipokezi hufanana kama mapacha, na nimekuta ofisini watu wawili wanaoketi jirani wamebadilishana bila kujua baada ya siku ya usafi, mmoja akiandika barua na herufi zikichomoza kwenye skrini ya mwenzake. Na tazameni kama kuna kitu kimelalia vitufe. Faili zito likikaa juu ya kibodi wakati mashine inawaka, BIOS nyingine huona kitufe kimekwama na kuripoti hitilafu ya kibodi. Ni aibu ndogo, lakini afadhali mtu ajionee mwenyewe kuliko aonyeshwe na fundi.

Kibodi za Bluetooth ni habari nyingine, na watu wengi huwachanganya hawa ndugu wawili kwa kuwa wote hawana waya. Kibodi ya Bluetooth inayoungana na redio iliyomo ndani ya kompyuta haina kipokezi cha kuisemea. Makubaliano kati yake na kompyuta, yaani funguo za siri zilizobadilishwa siku ya kuunganishwa, huhifadhiwa ndani ya mfumo endeshi, na mfumo endeshi huo wakati wa ukaguzi wa mwanzo bado haujaamka. Ni kweli kwamba kanuni za UEFI, ambazo ndizo zilizochukua nafasi ya BIOS ya kale, ziliweka mahali pa Bluetooth katika toleo la 2.5 la mwaka 2015, lakini kuwekwa kwenye kanuni si sawa na kuwekwa kwenye mashine yako, na kompyuta nyingi za mezani bado hazina uwezo huo. Kompyuta za Apple zinaweza, kwa kuwa mtengenezaji wa mashine, wa mfumo na wa kibodi ni mmoja. Kwa wengine, kama kibodi pekee ni ya Bluetooth, ujumbe ule ni ukweli mtupu: kwa wakati huo mashine haina kibodi. Hakuna mpangilio wa kuomba msamaha. Panahitajika kibodi yenye kipokezi chake au yenye waya.

Tukishahamisha kipokezi na tatizo likabaki, sasa tuingie kwenye mipangilio ya BIOS, na hapa ndipo kibodi ya waya, hata ile ya zamani iliyokosa vitufe viwili, inapokuwa na thamani kuliko vifaa vyote vya fundi. Ichomekeni, washeni mashine, mkabonyeze Del au F2 kwa kurudiarudia, kulingana na mtengenezaji. Kama mashine inapita haraka mno, ingieni kupitia Windows yenyewe: shikilieni Shift huku mkichagua kuwasha upya, na kwenye orodha inayotokea, chini ya utatuzi wa matatizo, mtakuta mlango wa mipangilio ya UEFI.

Lakini kabla hamjagusa kitu humo ndani, naomba mnisikilize vizuri. Kompyuta nyingi za sasa zenye Windows zina diski iliyofumbwa kwa BitLocker, yaani kufuli ya Windows inayofanya yaliyomo kwenye diski yasisomeke bila ufunguo, na baadhi ya mabadiliko ya mipangilio ya uwashaji huifanya mashine ihisi imechezewa, ikadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Tarakimu hizo huandikwa kwa kibodi, kabla Windows haijapanda, yaani katika hali ileile ambayo kibodi yetu haifanyi kazi. Mtu asiye na ufunguo huo, na asiye na kibodi inayosikika, amejitengenezea msiba kutoka kwenye usumbufu. Utafuteni ufunguo kwanza, uandikeni karatasini, ndipo muendelee.

Humo ndani nina mambo mawili tu ya kuwaonyesha. La kwanza limeandikwa «USB Legacy Support», au jina linalokaribiana nalo. Kazi yake ni kuifanya kibodi ya USB ijifanye ya kizamani, kama iliyounganishwa na kidhibiti cha kompyuta ya IBM AT ya mwaka 1984, ili programu zinazotangulia mfumo endeshi ziweze kuisikia. Liacheni likiwa limewashwa. Nasema hivi kwa uchungu wa mtu aliyewahi kujifungia nje. Miaka kadhaa iliyopita nililizima kwenye mashine yangu mwenyewe, nikijiambia kwamba mambo ya kizamani yanapunguza kasi. Nilipowasha tena, kibodi ikawa haisikiki mpaka mfumo endeshi uingie, na mfumo endeshi nao siku hiyo haukuwa umewekwa. Ndio kwanza nilitaka kuuweka. Mlango wa kurudishia ulihitaji kibodi niliyoizima. Ilinibidi nichomoe waya wa umeme, nifungue kasha, nitoe ile betri bapa ya CR2032 kwenye ubao, nisubiri, niirudishe, ili mipangilio yote irudi ilivyotoka kiwandani. Mbao nyingine hutaka pini mbili ziunganishwe badala ya kutoa betri, kwa hiyo kijitabu cha ubao kisomwe kabla ya bisibisi kushikwa.

Na kwa kuwa nimeitaja betri hiyo: ni ya volti 3, na kazi yake ni kuitunzia mashine saa na, kwenye mbao nyingi, mipangilio wakati umeme haupo. Ikichoka, mtarekebisha mpangilio jioni mkaukuta asubuhi umerudi ulivyokuwa, pamoja na ujumbe wenu uleule. Dalili yake ni tarehe. Mashine inayodai leo ni siku ya miaka mingi iliyopita haina ugomvi na kibodi; inahitaji betri mpya ya bei ndogo.

La pili limeandikwa «Fast Boot». Watengenezaji walipoanza kushindana kwa sekunde, njia mojawapo ya kuzipata ilikuwa kuacha kuyahoji matundu ya USB wakati wa kuwaka, au kuyahoji nusunusu, na kuuachia mfumo endeshi kazi hiyo. Ni haki yao, na mashine hufunguka upesi kweli, lakini kipokezi ndicho kinacholipia. Mkilizima, au mkichagua daraja linalotayarisha vifaa vyote vya USB, mtapoteza sekunde chache na kupata kibodi tangu mwanzo. Msilichanganye na jambo lenye jina linaloshabihiana ndani ya Windows, lililoanza na Windows 8 mwaka 2012, ambalo hufanya kuzima kuwe nusu ya kulala: kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurejeshwa mnapowasha. Hilo ni la Windows. Hata hivyo hulisaidia uchunguzi wetu, maana mnapochagua kuwasha upya badala ya kuzima, Windows huanza upya kabisa. Kwa hiyo kibodi inayogoma ndani ya Windows baada ya kuzimwa lakini si baada ya kuwashwa upya inawaelekeza huko, wala si kwenye BIOS.

Upo pia ujumbe wa aina nyingine, unaotokea Windows ikiwa imeshafunguka, kwenye kijisanduku chenye kitufe cha kukubali, ukisema kifaa kisicho na waya hakijagunduliwa. Huo hautoki kwa BIOS. Hutoka kwa programu ndogo ya mtengenezaji wa kibodi inayojianzisha yenyewe kila mara, na mara nyingi hubaki nyuma miaka mingi baada ya kibodi yake kutupwa. Iondoeni, au ifuteni kwenye orodha ya programu zinazoanza na Windows, na yakaishia hapo.

Limebaki swali ambalo huulizwa kila ninapomaliza maelezo haya: kwa nini tusiizibe tu mdomo mashine? Inawezekana. Katika mipangilio ya mbao nyingi upo mstari unaoamuru mashine isisimame kwa ajili ya kibodi, wenye jina kama «Halt On» au «Wait For F1 If Error», na kwa seva iliyofungiwa chumbani bila kibodi wala skrini huo ndio mpangilio sahihi. Bila huo umeme ukikatika usiku seva itakaa ikisubiri F1 ya mtu aliyelala nyumbani. Lakini kwa kompyuta ya mezani mimi siuzimi. Mama yule mhasibu aliniomba nifanye hivyo kabla sijainama nyuma ya meza yake, na kama ningemtii, ujumbe ungetoweka na kipokezi kingeendelea kutosikika kila asubuhi kama kawaida, naye angeligundua hilo siku diski yake itakapomdai zile tarakimu 48.

Zile kibodi mbili za ziada bado anazo kwenye droo. Nilimshauri moja airudishe dukani abadilishiwe na yenye waya. Akaniuliza ya kazi gani, ilhali sasa mashine inamkubali asubuhi na mchana, nikamjibu kwamba ni ya siku atakayoambiwa abonyeze F1.